Mita kumi: umbali kati ya mtu na gorila

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Mtangazaji akisema "sokwe wa Rwanda" anamkusudia gorila. Mtu wa Kigoma akisema sokwe anamkusudia yule wa Gombe na Mahale, ambaye ni mnyama mwingine: ana masikio makubwa, anapenda matunda, na akipata nafasi huwinda mbega. Tanzania haina gorila wa porini hata mmoja. Mkanganyiko huo ni wa zamani. Mwaka 1870 Livingstone, akiwa amekwama Bambarre katika nchi ya Manyema pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani, aliandika kwa kirefu juu ya mnyama aitwaye "soko", akimfananisha na gorila. Alichokielezea ni sokwe mtu.

Hapa chini, basi, gorila ni gorila: yule ambaye Wanyarwanda humwita ingagi, aishiye kwenye volkano za Virunga, pale mipaka ya Rwanda, Uganda na Kongo inapokutana, na katika msitu wa Bwindi kusini-magharibi mwa Uganda. Sensa ya 2015–2016 ilihesabu 604 Virunga, na ile ya Bwindi ya 2018 ikahesabu 459. Hao ndio wote. Gorila unaowaona kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani ni wa nyanda za chini. Wa milimani hayumo hata mmoja.

Historia ya mtu na mnyama huyu inaweza kupimwa kwa mita. Wageni walimjua kwanza kwa mafuvu yaliyosafirishwa baharini, kisha kwa masafa ya bunduki, kisha kwa darubini, kisha kwa kuguswa mkono. Leo kanuni inasema mita 10, na inasema hivyo kwa sababu watu walikwisha kusogea mno.

Fuvu, ngozi, risasi

Neno lenyewe lilitoka Carthage, mji wa kale uliokuwa Tunisia ya leo. Karibu miaka 2,500 iliyopita baharia Hanno alishuka na pwani ya magharibi ya Afrika, na kumbukumbu ya safari yake inasimulia kisiwa chenye watu wenye manyoya mwili mzima, wengi wao wanawake, ambao wakalimani waliwaita "gorillai". Wanaume walikimbilia majabali wakirusha mawe. Wanawake watatu walikamatwa, wakauma na kukwaruza, wakauawa, na ngozi zao zikapelekwa Carthage. Maandishi yale hayatuambii kama walikuwa gorila, sokwe mtu au binadamu. Lakini mwaka 1847 Thomas Savage, mmisionari na daktari Mmarekani aliyeonyeshwa mafuvu ya mnyama mkubwa huko Gabon, alilichukua neno hilo hilo kumpa jina la kisayansi. Swali la "mtu au mnyama?" likaingia kwenye jina tangu siku ya kwanza.

Paul du Chaillu ndiye aliyeongeza chumvi. Alizunguka Gabon katika miaka ya 1850, akarudi na ngozi na mafuvu, na kitabu chake cha 1861 kikampa msomaji wa Ulaya dume linalonguruma, linalojipiga kifua na kurarua watu. Darwin alikuwa ametoa hoja zake juu ya asili ya viumbe miaka miwili tu kabla, na wasomi wa London walikuwa wakigombana kama ubongo wa gorila una sehemu ambazo ubongo wa binadamu unazo. Jitu la du Chaillu lilipata soko. Ukitazama King Kong wa 1933 unaliona bado limesimama pale pale.

Hiyo ngoma ya kifua yafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa wachora katuni huikosea hadi leo. Gorila hapigi kwa ngumi. Hupiga kwa viganja vilivyokunjwa kidogo kama kikombe, kimoja baada ya kingine, haraka, akiwa amesimama kwa miguu miwili, na mlio unaweza kusafiri kilomita moja msituni. Utafiti uliochapishwa 2021 kutoka Rwanda ulionyesha kwamba madume wenye miili mikubwa hutoa mlio mzito zaidi. Kwa hiyo anayesikia kutoka bonde la pili anapata taarifa ya ukubwa wa mwenzake bila kumwona, na mara nyingi hiyo humtosha kubadili njia. Ngoma ile huzuia mapigano mengi kuliko inavyoyaanzisha.

Gorila wa milimani aliingia vitabuni baadaye sana. Tarehe 17 Oktoba 1902 Kapteni Robert von Beringe wa jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lile lililozibeba pamoja Tanganyika, Rwanda na Burundi, alikuwa akipanda mlima Sabyinyo. Akawapiga risasi gorila wawili. Mmoja alitolewa bondeni, akapelekwa Berlin, na mwaka uliofuata Paul Matschie akamwita *Gorilla beringei*. Mnyama amebeba jina la aliyemuua. Wenyeji waliokaa chini ya milima ile walimjua ingagi vizazi na vizazi, na jina lao halikuulizwa.

Baada ya hapo ikawa mbio za makumbusho. Mwana mfalme Wilhelm wa Sweden aliua 14 mwaka 1921. Mwaka huo huo msafara wa Mmarekani Carl Akeley uliua 5 kwa ajili ya makumbusho ya New York, ambako bado wamesimama nyuma ya kioo. Tofauti ni kwamba Akeley alirudi kwao akiwa na kazi nyingine: alimsukuma Mfalme Albert wa Ubelgiji kutenga hifadhi, na mwaka 1925 ikatangazwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Alifia huko 1926, akazikwa Kabara, chini ya mlima Mikeno.

Watu waliokaa chini wakasubiri

George Schaller, mtafiti wa wanyama, alipofika mwaka 1959 hakuwa na mbinu ya ajabu. Alipanda bila bunduki, akakaa mahali anapoonekana, akaacha gorila waamue. Mmarekani Dian Fossey, aliyetumwa na Louis Leakey wa Kenya, mtafiti wa asili ya binadamu, aliichukua njia hiyo akaifikisha mbali zaidi. Kambi yake ya Karisoke, iliyofunguliwa Septemba 1967 kati ya Karisimbi na Bisoke na kupewa jina lililounganisha majina ya milima hiyo miwili, iliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana ukisoma orodha ya gorila wa enzi hizo unakutana na Rafiki, Macho na Kweli. Macho alikuwa jike mwenye macho makubwa. Kweli alikuwa mwanawe.

Wakati huo mlima ulikuwa unapungua. Mwaka 1969 kiasi cha hekta 10,000 za hifadhi upande wa Rwanda, karibu asilimia 40, zilikatwa ili kupanda pareto, zao la kutengenezea dawa ya wadudu. Wawindaji walitega kwa ajili ya paa na nyati, ng'ombe walilishwa ndani ya msitu, na viungo vya gorila vilitafutwa kwa mambo ya uchawi. Digit, dume kijana aliyemzoea Fossey kuliko wote, alichomwa mikuki tarehe 31 Desemba 1977. Julai 1978 wakauawa dume kiongozi wa kundi hilo na Macho. Kweli alijeruhiwa kwa risasi akafa baada ya miezi kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa Virunga walikuwa wamebaki kama 250.

Fossey alijibu kwa vita. Alikamata ng'ombe wa wafugaji, aliwatisha wawindaji kwa vinyago, na aliwapinga watalii. Aliuawa kambini mwake Desemba 1985. Bill Weber na Amy Vedder, waliokuwa wakifanya utafiti pale, waliona jambo ambalo yeye hakutaka kuliona: mkulima wa Ruhengeri, chini ya milima ile, hawezi kuacha msitu usiomlipa chochote. Mpango wa utalii walioupigania kuanzia 1979 ulikuwa na vikundi vidogo na tiketi ghali. Tukisema kweli, doria za Fossey zilizuia gorila wasiishe kabla hesabu ya wenzake haijaanza kulipa. Lakini ni hesabu yao iliyobaki.

Jinsi gorila anavyozoeshwa

Utalii wote umejengwa juu ya kazi moja ya polepole, ya kumzoesha gorila kumwona mtu. Huanza kwa kutomwona kabisa. Wafuatiliaji huenda mahali kundi lilipolala jana. Kila gorila aliyekwisha kuacha ziwa hujenga kiota kipya kila jioni kwa kukunja matawi na majani. Mtoto hulala na mama. Asubuhi wengi huacha kinyesi pale pale, nacho ni kitambulisho: donge linalozidi sentimita 7.2 kwa upana, likiwa na nywele nyeupe kwenye kiota, ni la dume mwenye mgongo wa fedha, yaani dume mzima. La kati ya 5.5 na 7.2 ni la jike mzima au dume ambaye bado ni mweusi mgongoni. Dogo zaidi ni la mtoto. Kikiwapo kinyesi kidogo kando ya kile cha wastani, mama ana mtoto. Wakihesabu viota vya siku kadhaa mfululizo wanaijua familia kabla ya kuona uso wowote. Wakianza kuziona, hutambua kila mmoja kwa mikunjo iliyo juu ya pua, ambayo haifanani kwa gorila wawili.

Kisha timu husogea kila siku mpaka pale gorila wanapoanza kustuka, na hapo inasimama. Haijifichi. Kosa la mwanzo la kila mgeni wa kazi hii ni kunyata, kwa sababu anayenyata ni chui au mwindaji. Wanakaa chini, wanavunja tawi wasikike, wanajifanya kutafuna majani, na wanatoa mguno mzito wa kooni wa pande mbili, "mm-hmmm", ambao gorila hupeana wakiwa wanakula kwa amani. Kesho tena.

Miezi ya kwanza kundi hukimbia na kuacha harufu kali ya hofu na kinyesi cha majimaji. Halafu dume huanza kushambulia. Huja akiponda mimea, akipiga yowe, na mara nyingi husimama mita chache mbele ya mtu. Sheria ni kuchutama, kutazama chini, kutosogea. Anayekimbia huumwa, na vilevile ameharibu kazi ya wenzake: dume amejifunza kwamba shambulio linafaa, naye atalirudia wiki nyingi. Makosa mengine ni ya haraka: kubadili watu kila mara, kulibana kundi kwenye mteremko usio na njia ya kutokea, kulifuata mara mbili kwa siku. Ikienda vizuri, hofu inageuka udadisi, watoto wanasogea kuchungulia, na mwishowe watu wanapuuzwa. Kazi huchukua kama miaka 2, wakati mwingine zaidi. Inahesabiwa kuwa imekamilika gorila wanapokula, kucheza, kupandana na kusinzia mbele ya watu bila kugeuza shingo.

Shida ni kwamba gorila hatenganishi watu wema na wabaya. Aliyepoteza hofu ya mfuatiliaji ameipoteza pia kwa mwenye mkuki. Julai 2007, upande wa Kongo, familia ya Rugendo iliyozoeshwa ilipigwa risasi, akiwemo dume Senkwekwe, nyama haikuchukuliwa. Vidole vilielekezwa kwa biashara ya mkaa, ambao Wakongo huuita makala (ndiyo, kama haya unayoyasoma): anayechoma msitu hutaka sababu ya kuulinda itoweke. Juni 2020 Rafiki mwingine, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo huko Bwindi, alichomwa mkuki na mwindaji aliyesema alikuwa akiwinda wanyama wadogo. Alihukumiwa miaka 11. Theluthi mbili hivi ya gorila wa Virunga wamezoeshwa, kwa hiyo theluthi mbili hawana tena kinga ya kukimbia. Kinachobaki kuwalinda ni mtu anayewahesabu kila asubuhi, na kazi hiyo haiwezi kuachwa hata vita ikiingia. Upande wa Kongo walinzi zaidi ya 200 wameuawa kwa miaka yote.

Kitanzi

Watega mitego wengi hawamtafuti gorila. Mtego wa kawaida ni mwanzi uliopindwa mpaka chini na kushikiliwa na kijiti kidogo; kwenye ncha yake kuna kitanzi cha kamba au waya kilichotandazwa juu ya shimo na kufunikwa majani. Paa akikanyaga, kijiti kinaachia, mwanzi unaruka, kitanzi kinakaza mguu. Gorila mzima mara nyingi huvunja mwanzi na kuondoka na waya mkononi. Waya huzama kwenye nyama, damu haipiti, kidonda kinaoza, na mkono unakatika au mnyama anakufa. Mtoto hana nguvu ya kuvunja.

Hapa madaktari wa wanyama huingia, kwa kanuni yao ya kutibu tu madhara yaliyotoka kwa binadamu au yanayotishia uhai. Mdunguo wa dawa ya usingizi ndio sehemu rahisi. Ngumu ni dume: wafuatiliaji hulazimika kupanga mstari kati yake na mgonjwa huku waya ukikatwa. Mwaka 2012 watafiti wa Karisoke waliwaona gorila wadogo wawili, Rwema na Dukore, wakiutegua mtego wenyewe: mmoja akavunja mwanzi, mwenzake akaondoa kitanzi. Siku chache kabla, mtoto wa kundi lao alikuwa amekufa kwa mtego.

Nani analipa

Kibali cha saa moja Rwanda ni dola 1,500 kwa mgeni wa kimataifa tangu 2017. Uganda ni 800 tangu Julai 2024. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo zaidi. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi kwa vijiji jirani, ambayo zamani ilikuwa 5. Shule na zahanati zimejengwa. Lakini mgawo hufika kijijini kama jengo, ilhali hasara hufika kwa mtu mmoja, kwenye shamba lake. Gorila hutoka msituni kumenya magome ya mikaratusi, yenye sodiamu ambayo mimea ya mlimani inayo kidogo, na kupasua migomba kula kiini. Bwindi kuna vikundi vya wanakijiji, HUGO, wanaojipanga mstari na kuwarudisha msituni taratibu. Rwanda ilijenga ukuta wa mawe mrefu wa zaidi ya kilomita 70 mpakani mwa hifadhi. Unasaidia kwa nyati. Gorila huupanda.

Waliolipa zaidi ni Batwa. Waliishi ndani ya misitu hii, na gorila hawakumla. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991 walitolewa, wengi bila ardhi mbadala wala fidia, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliwapa haki katika kesi waliyoifungua. Leo baadhi yao huwaonyesha watalii jinsi babu zao walivyowasha moto, nje ya msitu ambao hawaruhusiwi kulala ndani.

Rwanda nayo imeligeuza jina kuwa sherehe. Kwita Izina, desturi ya familia kumpa mtoto mchanga jina, tangu 2005 hufanywa karibu kila mwaka kwa watoto wa gorila, mbele ya marais, wachezaji mpira na wanakijiji. Wapo wanaoiona kama matangazo tu. Ni matangazo, ndiyo, lakini mnyama mwenye jina na mama anayejulikana akikosekana asubuhi, nchi nzima inaambiwa.

Idadi nayo ina gharama zake. Makundi yakibanana, madume hukutana mara nyingi zaidi, wanapigana, na watoto wachanga huuawa katika ghasia hizo. Rwanda imepanga kuongeza hifadhi kwa hekta 3,740. Ardhi hiyo ina watu, na lazima wahamishiwe mahali.

Kwa nini mita 10

Gorila hupata mafua yetu bila kinga yetu. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi waligunduliwa na upele. Manyoya yalidondoka, ngozi ikawa na magamba, na mtoto akafa. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka aliwatibu, na chanzo kilionekana kuwa ni watu wanaoishi kando ya msitu, ambako gorila walizoea kupita na ambako huduma za afya hazikufika. Hapo ikaeleweka kwamba kumtibu mwanakijiji ni kumtibu gorila. Mwaka 2009 kirusi cha mfumo wa hewa cha binadamu kiliingia kundi la Hirwa huko Rwanda, likapoteza jike na mtoto.

Kutoka hapo kanuni zinasomeka zenyewe. Wageni wasizidi 8, kwa kundi moja, mara moja kwa siku, saa moja. Miaka 15 kwenda juu, kwa kuwa watoto ndio wenye maradhi mengi ya kuambukiza. Barakoa. Anayekohoa abaki chini. Ukibanwa na haja kubwa, mwongozaji huchimba shimo la sentimita 30 na kulifukia. Umbali zamani ulikuwa mita 7. Baada ya korona ukawa 10.

Karatasi ni karatasi. Mita 7 zilipokuwa sheria, vipimo vya Bwindi vilionyesha wageni wakifika wastani wa chini ya mita 3. Msitu ni mnene, na aliyelipa dola mamia anataka picha ya uso. Mwongozaji anajua bahshishi inatoka wapi. Na kuna wanaovunja sheria bila kuijua kabisa: mtoto wa miaka 3 anaona kamba ya kiatu inaning'inia, anakuja anayumba kwa mikono na miguu, anainua kichwa. Mgeni hapaswi kunyoosha mkono, wala kumfukuza. Anatakiwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, wakati dume lililolala ubavu, mita kumi na mbili kutoka pale, limefungua jicho moja.